Nakala 600 kwa Mali Kauli

Karatasi moja ya A3 ya gramu 80, ile inayouzwa katika steshenari yoyote, ina uzito wa gramu 10 hivi. Ikunje katikati, umepata kurasa 4 za ukubwa wa A4. Chukua ya pili, iingize ndani ya ile ya kwanza, na tayari una gazeti la kurasa 8 lenye gramu 20. Nakala 600 ni kilo 12. Debe la mahindi linazidi hapo, na bodaboda wa Bariadi hubeba debe pamoja na mwenye debe.

Nimeanza na mzani makusudi. Anayewaza kufungua gazeti nyumbani kwake huwaza kwanza mitambo, ghala na magari ya kusambaza, kisha hukata tamaa kabla ya kushika kalamu. Gazeti dogo halina uzito huo. Lina uzito mwingine, wa madeni, na huko nataka twende taratibu tukiwa na kikokotoo mkononi.

Soko kwanza. Mkoa wa Simiyu ulikatwa kutoka Shinyanga na Mwanza mwaka 2012, ukawa na wilaya 5: Bariadi, Busega, Itilima, Maswa na Meatu. Sensa ya mwaka huohuo ilihesabu watu 1,584,157. Sensa ya 2022 ikakuta watu 2,140,497, yaani ongezeko la asilimia 35 ndani ya miaka 10, katika eneo la kilomita za mraba zipatazo 25,000. Ukichapa nakala 600, ni nakala moja kwa kila watu 3,567. Wasomaji wapo tele. Kigumu ni kumpata atakayelipa, na kujua siku atakayolipa.

Habari nazo zipo, ila si zile zinazopanda basi kutoka Dar es Salaam. Nane Nane ya kitaifa ilipofanyika Nyakabindi mwaka 2018, 2019 na 2020, kila Agosti Bariadi ilijaa kamera na misafara. Sherehe ikiisha, kamera huondoka. Mwaka 2019 bei ya pamba ilitangazwa shilingi 1,200 kwa kilo, na nchi nzima ikaisikia. Mkulima wa Itilima alikuwa na swali jingine kabisa: AMCOS, yaani chama cha ushirika cha kijijini kwake, itamlipa lini? Swali hilo halina ukurasa katika gazeti la taifa, wala haliwezi kuwa nao, kwa sababu msomaji wa Mbeya halimhusu. Kwa gazeti la sebuleni, hiyo ndiyo habari ya ukurasa wa kwanza.

Redio inaweza kuitangaza, na inaitangaza bure. Maswa kuna Sibuka FM, na kila asubuhi redio za nchi hii husoma vichwa vya magazeti hadi wengine huona hawana haja tena ya kununua gazeti lenyewe. Simu nayo imechukua sehemu yake. Lakini redio ikishasema imesema. Namba ya fundi wa pampu, ratiba ya mnada na tangazo la kiwanja ni vitu ambavyo mtu huvibandika ukutani au kuvikunja mfukoni. Na intaneti ilipozimwa nchi nzima tarehe 29 Oktoba 2025, tangazo lililobandikwa ukutani lilibaki linasomeka.

Sasa uchapaji. Bei ninazotumia kuanzia hapa ni makadirio yangu ya kufanyia hesabu. Msomaji azifute aweke za mtaani kwake.

Ukienda kutoa kopi kwa shilingi 100 kwa ukurasa, gazeti la kurasa 8 linakugharimu 800. Ukibembeleza ukapewa kwa 50, ni 400. Hakuna biashara hapo kwa gazeti la kuuza shilingi 500. Njia ya pili ni mashine ya Riso, ile inayochapa mitihani ya shule. Riso hutengeneza masta moja kwa kila upande wa karatasi, kisha hutoa nakala kwa kasi. Kurasa zetu 8 ni pande 4 za A3, kwa hiyo masta 4. Nikikadiria masta moja kwa shilingi 2,500, ni 10,000. Mwenye mashine mpe 30,000 kwa kazi ya usiku mmoja. Basi kabla hata nakala ya kwanza haijatoka, 40,000 zimekwenda. Baada ya hapo kila nakala inakula karatasi 2 za shilingi 50 na wino wa kama shilingi 40, jumla 140.

Kanuni ni hiyo: 40,000, ongeza 140 kwa kila nakala. Ukichapa 100, nakala moja inasimama kwenye shilingi 540, ghali kuliko kutoa kopi ya kubembeleza. Ukichapa 300 inashuka hadi 273. Kwa nakala 600 ni 207, kwa 1,000 ni 180, kwa 2,000 ni 160. Ona jinsi mteremko unavyokwisha. Kutoka 100 hadi 600 umeokoa shilingi 333 kwa nakala; kutoka 600 hadi 2,000 umeokoa 47 tu, na umebaki na nakala 1,400 za ziada za kutafutia wanunuzi.

Kiwanda cha Mwanza ni hesabu nyingine. Huko gharama ya kuandaa mitambo ni kubwa, tuseme 350,000, lakini kila nakala inaweza kushuka hadi 80. Ukilinganisha na Riso, mistari miwili inakutana kwenye nakala 5,167. Chini ya hapo, kupeleka kazi Mwanza ni fahari isiyolipa. Anayeanza na nakala 600 na kwenda kiwandani ili gazeti "lionekane gazeti" analipa 398,000 kwa kazi ya 124,000.

Hakuna aibu katika mashine ya mitihani. Sauti ya TANU, iliyohaririwa na Mwalimu Nyerere mwenyewe miaka ya 1950, ilipigwa chapa kwenye stensili na kuzungushwa kwa mashine ya kudurufu, babu wa Riso. Udogo wake haukuifanya isisomwe. Mwaka 1958 serikali ya kikoloni ilimshtaki mhariri kwa kashfa, akatozwa faini ya shilingi 3,000. Huku Kanda ya Ziwa, mradi wa UNESCO wa kisomo chenye manufaa, ulioanza 1968 na kuihusisha Shinyanga ya wakati huo pamoja na Mwanza, Mara na Ziwa Magharibi, ulifuatiwa miaka ya 1970 na gazeti la Elimu Haina Mwisho kutoka Mwanza, kwa ajili ya watu wazima waliotoka kujua kusoma. Wasukuma wa vijijini walionyesha kwamba gazeti likiandikwa kwa ajili yao linasomwa. Gharama, hata hivyo, zilibebwa na mradi na serikali, na hilo sisi wa sebuleni hatuna.

Turudi kwenye fedha, hapa pana mambo.

Gazeti linauzwa 500. Wakala anachukua 100, wewe unabaki na 400. Umechapa 600 kwa shilingi 124,000. Zimeuzwa 420, sawa na asilimia 70, ambayo kwa gazeti jipya si mbaya. Umeingiza 168,000, na ukitoa uchapaji unabaki na 44,000. Nakala 180 zimerudi, na marejesho ya gazeti hayana mnunuzi wa pili. (Karatasi ya gramu 80 hata kufungia samaki haifai kama ile laini ya magazeti ya Dar.)

Sasa jaribu kuchapa 450 na kuuza 400. Uchapaji ni 103,000, mauzo 160,000, unabaki na 57,000. Umechapa kidogo, umeuza kidogo, na umepata zaidi kwa 13,000. Kwa matoleo 26 ya mwaka, moja kila baada ya wiki 2, hiyo ni 338,000. Kwa nini basi wenye magazeti huchapa kuliko wanavyouza? Kwa sababu mwenye duka la pembejeo, kabla hajatoa tangazo, huuliza swali moja: "Unachapa ngapi?" Haulizi unauza ngapi. Nakala 150 za ziada ni gharama ya kujibu swali hilo. Mimi ningechapa 600 miezi 3 ya mwanzo, marejesho nikayaweka bure kwenye benchi la wagonjwa na kwa vinyozi, kisha nikaanza kupunguza kimyakimya.

Usambazaji ni jambo jepesi. Barabara ya Bariadi hadi Lamadi ina lami, na Lamadi iko kwenye njia kuu ya Mwanza na Musoma. Kifurushi cha kilo 2 kinakwenda na basi kwa hela ndogo. Maswa vilevile. Mwanhuzi kule Meatu na Lagangabilili kule Itilima zinahitaji mtu unayemwamini. Weka 25,000 kwa kila toleo. Kutafuta habari, yaani nauli, vocha na chai ya kusubiri kesi mahakamani, weka 40,000. Ile 44,000 imeliwa na bado unadaiwa 21,000.

Kwa hiyo mauzo ya gazeti hayalishi gazeti. Yanalipia karatasi, basi. Kinacholisha ni matangazo, na katika mji kama Bariadi matangazo ni madogo: fundi simu, gesti, dalali wa viwanja, ukumbi wa harusi, duka la mbegu, shule binafsi inayotafuta wanafunzi Novemba na Desemba. Kisanduku cha sehemu moja ya nane ya ukurasa kiuze 10,000. Cha robo ukurasa 20,000. Vidogo 8 vinajaza ukurasa mmoja, vya robo 4 vinajaza wa pili. Kurasa 2 za matangazo, shilingi 160,000. Zinabaki kurasa 6 za habari. Ukurasa wa A4 wenye herufi zinazosomeka na mzee asiye na miwani unachukua maneno 450 hivi ya Kiswahili, maana maneno yetu ni marefu. Basi kila toleo unadaiwa maneno 2,700. Mtu mmoja anaweza, kwa wiki 2. Kwa wiki moja atachoka kufikia mwezi wa tatu.

Matangazo ya mirathi na ya hati zilizopotea usiyahesabu mwaka wa kwanza. Ni kazi nzuri, lakini mteja huyapeleka kwenye gazeti ambalo karani wa mahakama analijua tayari. Ya ofisi za umma yana tatizo lake, nalo ni kuchelewa kulipwa.

Jumlisha toleo moja. Yanayotoka: 124,000 uchapaji, 25,000 usambazaji, 40,000 habari, jumla 189,000. Yanayoingia: 168,000 mauzo na 160,000 matangazo, jumla 328,000. Faida 139,000. Mtu akiona namba hiyo anakwenda kumwambia mkewe wauze mbuzi, wanunue kompyuta.

Asubiri kidogo, kwa sababu hizo 328,000 zimeandikwa daftarini, hazijaingia mfukoni. Gazeti ni mali kauli pande zote mbili: wakala anachukua leo atalipa akiuza, na mwenye tangazo anasema "we tangaza kwanza, nitakuona". Tuseme wakala analipa baada ya siku 30 na mwenye tangazo baada ya siku 90, na gazeti linatoka kila baada ya wiki 2. Mwenye steshenari na mwenye Riso hawakopeshi. Wanataka yao usiku huohuo.

Hesabu hadi siku ya 84, siku linapotoka toleo la 7. Umetoa mara 7 ya 189,000, yaani 1,323,000. Mauzo ya matoleo 4 ya kwanza yamekwisha lipwa, 672,000. Tangazo hata moja halijafikisha siku 90. Mfukoni una upungufu wa 651,000. Fungua daftari: matoleo 7 kwa faida ya 139,000 ni faida ya 973,000. Namba zote mbili ni za kweli. Unawadai watu shilingi 1,624,000, na kesho asubuhi huna hela ya rimu.

Hapo wengi hudhani dawa ni kuongeza kasi, gazeti litoke kila wiki ili fedha izunguke. Fanya hesabu hiyohiyo. Kufikia siku ya 84 matoleo ni 13, yaliyotoka ni 2,457,000, mauzo yaliyorudi ni ya matoleo 8, 1,344,000. Upungufu 1,113,000. Daftarini unasoma faida ya 1,807,000 huku mfukoni umezama karibu mara mbili ya mwenzako wa wiki 2. Na hapo nimekubali uongo mmoja, kwamba wenye maduka wa Bariadi watatangaza kila wiki kwa kiasi kilekile. Hawatafanya hivyo. Fedha ya mkoa huu hufuata pamba. Ununuzi unapofunguliwa Mei mji unachangamka, na miezi ya njaa kabla ya mavuno hata gesti hupunguza bei.

Geuza kitu kimoja tu. Visanduku vile vidogo 8 vya shilingi 10,000 vilipwe kwa simu kabla gazeti halijachapwa. Hakuna fundi simu atakayekasirika kutuma 10,000; ndivyo anavyolipa vocha na umeme. Kila toleo linaingiza 80,000 taslimu kabla ya usiku wa Riso. Rudi siku ya 84 ya gazeti la wiki 2: upungufu wa 651,000 umeshuka hadi 91,000. Hujaongeza nakala, hujapandisha bei, hujapata msomaji mpya hata mmoja. Umehamisha siku ya malipo ya nusu ya matangazo, na pengo la siku hiyo limekuwa kiasi ambacho shemeji anaweza kukutolea bila kikao cha ukoo.

Sheria nayo ina namba zake. Chini ya Sheria ya Huduma za Habari ya 2016, gazeti linahitaji leseni, na maombi yanakwenda Idara ya Habari, MAELEZO. Sheria hiyohiyo na kanuni zake za 2017 zilitaka mwandishi awe na ithibati na elimu isiyopungua stashahada. Muda wa mpito ulikuwa miaka 5. Katika hesabu yangu mwenye gazeti ndiye mwandishi. Kama huna stashahada hiyo, itabidi umlipe mwenye nacho, na ile 139,000 usiitazame tena. Faini nyingi katika sheria hiyo ilipotungwa, kabla ya marekebisho ya 2023, zilianzia shilingi milioni 5. Matoleo 26 kwa 189,000 ni 4,914,000. Faini moja ya chini kabisa ilikuwa sawa na gharama ya mwaka mzima wa gazeti. Kukimbilia mtandaoni hakukuwa njia ya mkato pia: kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2018 zilipoanza, maombi na leseni vilifika shilingi 2,100,000, gharama ya matoleo 11 ya karatasi.

Kodi ni afadhali, mradi uandike. Mauzo ya mwaka ya gazeti letu ni mara 26 ya 328,000, sawa na 8,528,000. Kwa jedwali la kodi ya makisio lililotumika tangu 2022, mwenye mauzo ya kati ya milioni 7 na milioni 11 asiye na kumbukumbu hulipa 250,000. Mwenye kumbukumbu hulipa 90,000 na asilimia 3 ya kinachozidi milioni 7, yaani 135,840. Daftari la shilingi 2,000 limeokoa 114,160.

Basi mwaka mzima, watu wote wakilipa: 3,614,000. Toa intaneti na umeme wa nyumbani kwa 45,000 kila mwezi, 540,000. Toa kodi. Weka kando 200,000 kwa ajili ya kompyuta iliyotumika ambayo siku moja itakufa. Zinabaki 2,738,160, au 228,000 kwa mwezi, kabla ya ada za leseni. Kima cha chini cha mshahara wa mtumishi wa umma kuanzia Julai 2025 ni 500,000. Gazeti hili linakulipa chini ya nusu ya hapo, na nyumba inageuka karakana: karatasi 1,200 za kukunja kwa mkono kila toleo, sekunde 6 kila moja, ni saa 2 kwa mtu mmoja, au nusu saa kwa watoto wanne walioahidiwa soda.

Kwa hiyo silioni kama ajira ya mtu asiye na kingine. Naliona likimfaa mwalimu mstaafu mwenye pensheni, au mwenye steshenari ambaye Riso ni yake na ile 30,000 ya usiku inabaki nyumbani. Huyo faida yake inapanda hadi 169,000 kwa toleo bila kufanya lolote. Ningekuwa na duka la kutoa kopi karibu na stendi ya Bariadi, ningelianza mwezi ujao, kurasa 8, kila baada ya wiki 2. Ningefunga kurasa Alhamisi saa 12 jioni. Kisanduku ambacho malipo yake hayajasoma kwenye simu kufikia saa hiyo ningekitoa, nafasi yake nikaweka ratiba ya mabasi ya Mwanza.